Ukurasa Usio na Mhuri

Mpe karani wa mpaka wa Kenya na Uganda karatasi yoyote, Busia au Malaba, kisha tazama macho yake yanapoanzia. Hayaanzii kwenye jina la mwenye mzigo wala kwenye uzito wa mzigo wenyewe. Yanaanzia penye mhuri, yakitafuta tarehe. Hati ya asili ya bidhaa ina tarehe. Cheti cha afya ya mimea kina tarehe. Kadi ya manjano ya COMESA, ile bima inayomwezesha dereva kuvuka na gari lake, ina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na dereva anazijua zote mbili bila kuitoa mfukoni. Karatasi isiyo na tarehe haimfikishi mtu popote.

Miaka hii sehemu kubwa ya karatasi hizo imehamia kwenye skrini. Viwango vya ushuru, masharti ya kuingiza nafaka, risiti za malipo, fomu za kujaza, vyote vinasomwa kwenye kompyuta ya saiba au kwenye simu iliyopasuka kioo. Lakini lile jicho la kutafuta tarehe halikuhama navyo. Tukifungua ukurasa, tunauamini kwa sababu umefunguka.

Wiki ya kwanza ya Julai 2022 nilikuwa kwenye saiba moja ya Busia, upande wa Kenya, nikingoja zamu yangu ya kuchapisha. Mbele yangu alikuwa mama mwenye ofisi ndogo ya uwakala wa forodha. Alitaka kiwango cha ushuru cha bidhaa za mteja wake. Kijana wa saiba akabonyeza kiungo alichokuwa amekihifadhi, hati ikafunguka, akachapisha ukurasa mmoja, akampa. Haikupita nusu saa mama akarudi na karatasi ileile mkononi. Alikuwa ameambiwa kwamba hayo ni mambo ya mwaka uliopita.

“Kijana wangu, hebu nitazamie tena.”

“Mama, ni ileile. Hawajabadilisha.”

Akaifungua tena mbele yetu: asilimia 25, kama mwanzo. Nami nikaiandika anwani hiyohiyo kwenye simu yangu, nikapata asilimia 35. Anwani ilikuwa moja, skrini mbili zimeachana kwa urefu wa mkono, na kila moja ilikuwa na jibu lake. Kijana hakuwa amedanganya. Kompyuta yake ilikuwa imemtolea nakala iliyoiweka siku kadhaa nyuma, na haikuwa imemuuliza mwenye hati kama bado ni hiyo.

Mafundi wa kompyuta huiita sehemu hiyo ya kuwekea nakala keshi, neno ambalo kwa mfanyabiashara wa Busia maana yake ni fedha taslimu. Google, walipoitafsiri Chrome kwa Kiswahili, waliiita akiba. Nadhani walichagua vizuri. Kivinjari kikishaleta ukurasa kutoka mbali, hubakiza nakala yake ndani ya mashine, ili siku ukiutaka tena kisisafiri upya. Ni akiba kweli, ya muda na ya bando.

Na Busia ni mji unaojua gharama ya umbali. Simulizi ya bodaboda, inayojulikana Afrika Mashariki nzima, inaanzia hapa: vijana wenye baiskeli katika miaka ya 1960, wakiwabeba watu na mizigo yao kutoka kituo cha mpaka cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, kwa kuwa nafasi iliyokuwapo kati ya vituo hivyo ilikuwa ndefu kwa mtu mwenye gunia. Kivinjari nacho kina nafasi ya aina hiyo ya kuivuka. Kabla ya kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya Kenya na dunia ilipanda kwenye setilaiti iliyo angani kwa kilomita kama 36,000, kisha ikashuka. Saiba ilitoza kwa dakika. Ukurasa uliokwisha kufunguliwa na mteja wa asubuhi ulimfungukia wa mchana papo hapo, na hakuna aliyelalamika. Aliyeiweka akiba ndani ya kivinjari alitusaidia sana, na bado anatusaidia kila siku. Nayasema haya mapema kwa sababu ushauri unaotolewa kwenye saiba nyingi, wa kufuta kila kitu kila kunapotokea tatizo, unautupa msaada huo wote kwa ajili ya kosa dogo linalotibika kwa namna nyingine.

Ili kulielewa kosa lenyewe, watazame wabadilishaji fedha wa mpakani. Mama wa sokoni anapita asubuhi na kuuliza shilingi ya Uganda leo ni ngapi. Anatajiwa bei, anaiweka kichwani, anakwenda zake. Saa sita akirudi na fedha ana njia tatu. Anaweza kuitumia bei iliyo kichwani bila kumuuliza mtu. Anaweza kuuliza kwa kifupi, “Bado ni ile ya asubuhi?” na akajibiwa “Ndiyo,” bila maelezo mengine. Au anaweza kuanza upya kana kwamba hakuwahi kupita. Kivinjari kina njia hizohizo tatu. Ile ya kati ndiyo bora, na ipo kwenye kanuni za wavuti tangu zamani: kanuni zilizochapishwa Mei 1996 zilikiruhusu kivinjari kuuliza kama ukurasa umebadilika tangu tarehe fulani, na zile za Januari 1997 zikaongeza alama maalumu ya kutambulisha kila toleo la ukurasa. Kama hakuna kilichobadilika, seva, yaani kompyuta inayoutunza ukurasa, hurudisha jibu fupi lenye namba 304, na ukurasa haubebwi tena. Swali hilo linagharimu kiasi kidogo sana cha bando.

Tatizo la kijana wa saiba lilikuwa njia ya kwanza. Kompyuta yake haikuuliza kabisa, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa utulivu, maana ndiyo inayoiumiza Busia kuliko miji mingine.

Mwenye ukurasa anaweza kuupa muda wa kuaminiwa: dakika tano, siku moja, hata mwaka. Asiposema lolote, kivinjari kinaruhusiwa kukisia. Kipimo kilichopendekezwa kwenye kanuni, ambacho vivinjari vikubwa hukifuata, ni sehemu moja ya kumi ya muda uliopita tangu ukurasa ulipobadilishwa mara ya mwisho. Ukurasa uliobadilishwa siku 10 zilizopita unaaminiwa siku moja. Uliokaa siku 100 unaaminiwa siku 10. Hesabu hiyo ina busara yake, kwa kuwa kilichotulia muda mrefu kwa kawaida huendelea kutulia.

Sasa ipeleke hesabu hiyo mpakani. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hubadilika kwa kalenda. Bajeti husomwa Juni, na viwango vipya huanza tarehe 1 Julai. Chukua hati ya viwango iliyowekwa mtandaoni tarehe 1 Julai mwaka jana na isiguswe tena. Wewe unaifungua tarehe 20 Juni mwaka huu. Imekaa siku 354 bila kubadilika, kwa hiyo kivinjari kama Chrome kinaipa siku 35 za kuaminiwa bila kuuliza. Siku hizo zinakwisha tarehe 25 Julai. Kwa zaidi ya wiki tatu baada ya sheria kubadilika, mashine itakuonyesha viwango vya zamani, na itafanya hivyo kwa sababu viwango hivyo vilitulia mwaka mzima. Ukurasa wa mechi ya mpira, unaobadilika kila dakika, hauna hatari hiyo. Hatari imekaa kwenye kurasa nzito, zile zinazobadilika mara moja kwa mwaka na zikibadilika zinahamisha fedha.

Na Julai 2022 haikuwa Julai ya kawaida. Ngazi za ushuru wa pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya zilikuwa tatu, yaani sifuri, asilimia 10 na asilimia 25, na tarehe 1 ya mwezi huo ikaongezwa ya nne, asilimia 35, ikazichukua samani, nguo, bidhaa za ngozi na nyingine nyingi. Wakala aliyempigia mteja hesabu kwa kiwango cha 25 kisha akakuta 35, tofauti hiyo haitafuti mtandaoni. Anaitafuta mfukoni mwake, au anaipoteza imani ya mteja.

Wazee walisema akiba haiozi. Wafanyabiashara wa mahindi wa Busia na Malaba wanajua kwamba huoza, maana waliona nafaka iliyohifadhiwa na unyevu ikiota sumukuvu. Mwezi Machi 2021 jambo hilo lilifunga mpaka. Barua ya mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya, ya tarehe 5 Machi, ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na malori yenye shehena yakakwama. Tarehe 10 Machi serikali ikalegeza: mahindi yangeingia kwa masharti, mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na hati ya asili na cheti kinachothibitisha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Zilikuwa siku tano tu kati ya maneno hayo mawili. Lakini picha ya barua ya kwanza ilikuwa imeshasambaa kwenye simu, na picha iliyomo ndani ya simu haina seva ya kuulizwa kama bado ni hiyo. Ni akiba isiyokwisha muda. Mkulima wa ng’ambo aliyetumiwa barua ya tarehe 5 hakuwa na njia ya kuona ndani yake kwamba kuna tarehe 10.

Januari 2022 ikawa ni korona. Uganda ilidai kila dereva wa lori apimwe mpakani, madereva wakagoma kwa ajili ya gharama na usumbufu, foleni ikajaa Malaba hadi sharti hilo lilipolegezwa, na huku Uganda mafuta yakaadimika. Katika siku kama hizo mtu anaamka na kuitazama simu kabla hajanawa uso, akitafuta sharti la leo. Akionyeshwa la juzi, anaingia foleni isiyo yake.

Simu inaleta ugumu wake. Mjini Busia hatua chache zinatosha kuitoa laini ya Kenya kwenye mnara wake na kuitupa kwenye mnara wa Uganda. Data inakatika, au mwenyewe ameizima kwa kuogopa gharama za rominga. Akiufungua ukurasa wakati huo, mara nyingine simu inamrudishia ile sura ya mwisho iliyokuwa nayo, bila kumwambia kwamba haikufika popote kuuliza. Kitufe cha kurudi nyuma nacho kina tabia yake. Vivinjari vya sasa vikirudi nyuma mara nyingi haviuombi ukurasa upya. Hurudisha sura yake kama ulivyouacha, kwa sababu ni haraka.

Hapo ndipo ninapoomba umakini zaidi, kwenye kurasa za malipo. Mtu analipia kibali kwa simu, ujumbe wa kuthibitisha unaingia, kisha anabonyeza kurudi nyuma na kukuta ukurasa bado unasema hajalipa. Ukurasa huo ni sura ya dakika mbili zilizopita. Lakini lori liko nyuma yake, dereva anapiga honi, na kidole kinakwenda kwenye kitufe cha kulipa mara ya pili. Kulipa ni sekunde. Kurudishiwa ni barua na wiki nyingi za kungoja. Ushahidi wa malipo ni ujumbe wenye namba ya muamala na saa yake. Skrini isiyoonyesha saa haina nguvu ya kuupinga.

Afanyeje basi mtu aliye mbele ya ukurasa anaoushuku? Kwenye kompyuta, abonyeze Ctrl pamoja na F5, au Ctrl, Shift na R kwa pamoja. Hii ni tofauti na kurifreshi kwa kawaida. Kurifreshi kwa kawaida huuliza habari za ukurasa wenyewe, lakini faili zilizoambatanishwa nao zinaweza kuendelea kutolewa akibani, na mara nyingi jedwali la viwango limo kwenye mojawapo ya faili hizo. Ile ya vitufe viwili au vitatu huagiza kila kitu kiletwe upya kutoka kwa mwenyewe.

Simu haina vitufe hivyo. Njia ya karibu ni kuufungua ukurasa kwenye dirisha fiche, ambalo huanza bila akiba ya zamani. Njia nyingine, nayo inafaa hasa kwa hati ndefu, ni kuongeza alama ya kuuliza na namba yoyote mwishoni mwa anwani. Kivinjari huitambua nakala kwa anwani yake kamili, kwa hiyo anwani iliyoongezewa namba kinaiona ni mpya, nacho kinalazimika kwenda kuileta. Tovuti nyingi huipuuza namba hiyo na kutoa hati ileile ya sasa.

Zikishindikana hizo, ndipo mtu afute, na afute kwa kipimo. Chrome humruhusu mtu kuchagua picha na faili za akiba peke yake, akaviacha vidakuzi na manenosiri. Kwenye mipangilio ya tovuti humruhusu kuifuta data ya tovuti hiyo moja tu. Akikubali kufuta kila kitu atatolewa kwenye karibu kila akaunti aliyokuwa ameingia, na bando lake litaliwa kuleta upya kurasa ambazo hazikuwa na kosa. Nimeona jambo hilo likifanyika kwenye saiba tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya Wakenya kuwasilisha ritani za kodi, foleni ikiwa hadi barabarani. Kijana mmoja aliifuta mashine nzima ili kurekebisha ukurasa mmoja wa mteja mmoja, na mteja aliyekuwa amefika katikati ya fomu yake akaanza tena.

Kompyuta kuukuu zina jambo moja zaidi. Umri wa nakala hupimwa kwa saa ya mashine. Betri ndogo ya ndani ikifa, saa hurudi miaka nyuma, na kwa mashine hiyo nakala iliyochakaa huonekana changa. Kabla ya kuilaumu tovuti, itazame saa iliyo pembeni ya skrini.

Zamani mipangilio yenyewe ilikuwa wazi. Internet Explorer, iliyostaafishwa Juni 2022, ilikuwa na mahali pa kuchagua lini kivinjari kiulizie toleo jipya: kila ukurasa unapofunguliwa, kila programu inapowashwa, chenyewe kijiamulie, au kisiulize kamwe. Saiba yenye intaneti ya polepole ingeweza kuchagua kutouliza kamwe, na mteja asingejua. Vivinjari vya leo vimeuondoa uchaguzi huo mbele ya macho yetu. Sisikitiki sana, kwa sababu haukuwa mzigo wa mteja. Lakini mzigo huo ulipoondoka kwa mteja ulitakiwa umfikie mtu mwingine, yaani anayechapisha.

Kwake yeye kazi si kubwa. Kuna agizo la maneno mawili, no-cache, linaloambatana na ukurasa bila msomaji kuliona. Jina lake linawapotosha wengi, wakadhani linakataza kuhifadhi. Linasema hivi: hifadhi ukitaka, lakini usiitumie nakala kabla ya kuniuliza. Ndiyo ile njia ya kati ya mama wa sokoni. Kwa kurasa zenye siri za mtu, kama risiti na ritani, kuna agizo jingine, no-store, linalokataza kuhifadhi kabisa. Kwenye kompyuta za saiba zinazotumiwa na watu wengi kwa siku, hilo linamlinda mteja dhidi ya macho ya anayemfuata kitini. Na kwa hati za kila mwaka, dawa ni kuipa hati mpya anwani mpya yenye mwaka ndani yake. Kuibandika ya mwaka huu juu ya anwani ya mwaka jana ndiko kunakouzaa mkanganyiko wote niliousimulia.

Kisha iandikwe tarehe, kwa herufi zinazosomeka, juu ya ukurasa: imebadilishwa lini, inaanza kutumika lini. Hii haihitaji fundi. Jengo la kituo cha pamoja cha mpakani Busia lilifunguliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, ili maofisa wa nchi mbili wakae chini ya paa moja na msafiri asimame mara moja. Fedha nyingi na miaka mingi vilitumika kupunguza saa anazozipoteza dereva. Mwanamke anayevusha bidhaa za chini ya dola 2,000 kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya huenda akapotezewa saa hizohizo na ukurasa ambao hakuna aliyekumbuka kuuandikia tarehe. Mhuri wa mpira unauzwa kila mji wa mpakani. Sioni kwa nini ukurasa wa viwango ukose kile ambacho cheti cha mahindi hakiruhusiwi kukikosa.

Pale saiba, nilimwomba kijana abonyeze Ctrl na F5. Hati ikakawia kidogo, ikafunguka, na safu ya bidhaa za mama ikasoma asilimia 35. Kijana akanyamaza, kisha akaanza kukibonyeza kiungo kimoja baada ya kingine katika orodha yake, akivijaribu vyote kwa namna hiyo.

Mama aliichukua karatasi mpya ikiwa bado ina joto la printa. Akaomba kalamu, akaandika juu yake tarehe na saa, akamwomba mwenye saiba aipige mhuri wake. Akalipia kurasa zote mbili. Halafu akasimama mlangoni, akaitoa simu na kumtafuta mteja ambaye jana yake alikuwa amekwisha kumpa bei.